Sifa ya Nywele

Ubishi ulianzishwa na kichupa. Kilikaa mezani kati ya sahani ya kalimati na birika la chai, kichupa cha seramu ya nywele kisichozidi kiganja, na Bi Mkubwa alikuwa amekiinua kwenye mwanga wa simu akihangaika na maandishi madogo kama mayai ya sisimizi. "Si-klo-pen-ta-si-lo..." Akaishia hapo, akakishusha. "Hiki kinapakwa kichwani au kinatiwa kwenye gari?"

Tulikuwa Al Qusais, upande wa Dubai unaopakana na Sharjah, kwenye flati ya ghorofa ya tano ambayo dirisha lake la sebuleni halifunguliwi: nje kuna joto, kuna vumbi, na kuna ndege zinazoshukia uwanja wa Dubai moja baada ya nyingine. Ilikuwa Ijumaa usiku. Tangu wikendi ya Imarati ilipohamishiwa Jumamosi na Jumapili, Januari 2022, Ijumaa ndio usiku wa kutembeleana, isipokuwa kwa watu wa saluni, ambao Jumamosi kwao ni siku ya vita.

Waliokuwapo nitawaita kwa shughuli zao. Msusi ni mtu wa Mombasa, miaka minane kwenye saluni za kike za hapa na Al Nahda. Mfamasia ametoka Tanga. Kila mtu humwita Daktari na amechoka kukataa. Mtu wa Kago ni kijana wa Kariakoo anayekusanya mizigo ya watu na kuipeleka Dar es Salaam, kwa kilo ikiwa ni ndege, kwa CBM, yaani mita za ujazo, ikiwa ni meli. Bi Mkubwa ni binti wa nahodha, kazaliwa Malindi ya Unguja, kapitia Maskati, sasa anaishi na mwanawe hapa. Mimi nilikuwa mgeni mwenye daftari. Maneno nimeyapanga, na mengine niliyaokota siku nyingine nikayapandikiza humu, maana watu wa sebule ile hukatizana kuliko karatasi inavyoweza kubeba.

MSUSI: Chapakwa kichwani, Bi Mkubwa. Matone mawili tu, nywele zateleza kama zimetiwa samli. Lakini siku hizi wateja waja na simu mkononi. "Usinipake silikoni." Nikimuuliza silikoni ni nini, anionyesha video ya msichana wa Marekani analia.

BI MKUBWA: Analia nini?

MSUSI: Ati nywele zake zimesongwa. Zimefungiwa ndani ya plastiki, hazipumui.

MFAMASIA: Nywele hazijawahi kupumua, dada. Unywele ukishatoka nje ya ngozi umekufa, kama kucha. Anayepumua ni mwenye nywele.

BI MKUBWA: Basi nambie, Daktari, hiyo silikoni ni kitu gani.

MFAMASIA: Inaanzia kwenye mchanga, mama. Si huu wa jangwa ulio nyuma ya maghala; ule mweupe safi wa kutengenezea vioo. Unachomwa tanurini pamoja na makaa hadi oksijeni yake inatoka, kinabaki kitu cheusi chenye mng'ao wa chuma, elementi ya silikoni. Hicho kinakutanishwa na gesi ya kloridi ya methili, halafu maji, na unapata minyororo: silikoni, oksijeni, silikoni, oksijeni, na pembeni mwake vikonyo vya kaboni. Mnyororo mrefu ni mzito kama asali. Huo ndio dimethikoni. Mfupi uliojifunga duara ni mwepesi, unapaa kama spiriti. Hilo neno lililokushinda ni duara la viungo vitano. Wenye viwanda huliita D5.

Hapa naomba niwakatize. Jina hili la silikoni alilitoa Frederic Kipping, mkemia wa Nottingham, mwanzoni mwa karne ya 20. Alichokuwa akikipata kwenye chupa zake kilikuwa kama gundi, na katika hotuba yake iliyochapishwa na Royal Society mwaka 1937 hakuonyesha tumaini kubwa kwamba elimu ile ingezaa jambo la maana upesi. Miaka mitatu baadaye, 1940, Eugene Rochow wa General Electric akapata njia ya kutengeneza malighafi yake kwa wingi. Vita ya Pili ya Dunia ikaichukua silikoni kukinga mitambo ya kuwashia injini za ndege, na kampuni ya Dow Corning ikaanzishwa 1943 kwa kazi hiyo. Vita ikaisha, viwanda vikabaki, na vikatafuta wateja wengine. Mwaka 1987 Procter & Gamble wakaitia kwenye Pert Plus, shampuu na kondishena katika chupa moja, na tangu hapo kichwa cha binadamu kimekuwa soko lake.

MTU WA KAGO: Kumbe Bi Mkubwa hakukosea sana. Gari, ndege, si mulemule.

MFAMASIA: Na tumboni pia. Yale matone ya gesi tunayowapa watoto wachanga wakilia usiku, ni dimethikoni iliyochanganywa na unga wa silika. Kwenye mafuta ya kukaangia chipsi imo, kwa namba E900, inazuia povu. Haisagwi tumboni, inapita na kutoka. Mtu mwenye keloidi namuuzia kipande cha silikoni abandike juu ya kovu. Marekani wanaikubali kama dawa ya kukinga ngozi, kuanzia asilimia 1 hadi 30. Hata chawa: mwaka 2005 jarida la BMJ lilichapisha jaribio la Uingereza, losheni ya dimethikoni asilimia 4. Haina sumu ya wadudu. Inamfunika tu.

BI MKUBWA: Inamsonga chawa.

MSUSI: Chawa ana roho yake, Bi Mkubwa. Unywele hauna.

BI MKUBWA: Basi nimeijua. Hiyo ni sifa.

MTU WA KAGO: Sifa gani tena, bibi?

BI MKUBWA: Nyinyi watoto wa makontena hamjui sifa. Mafuta ya maini ya papa! Baba akilipandisha jahazi pwani, chini kunakokaa majini kunapigwa deheni, na huku juu mbao zote zinazopigwa na jua zinapakwa sifa. Harufu yake usiombe. Lakini ubao uliopakwa sifa haunywi maji na jua haliupasui. Ila sikilizeni: ubao uliooza umeoza. Sifa haiponyeshi ubao. Fundi mbaya hupaka sifa juu ya ubao mbovu akauza chombo, na mnunuzi hujua akishafika nje ya Pemba.

Tulicheka, na mimi nikaandika neno hilo kwa herufi kubwa. Lugha yetu ilishaziweka zamani sifa mbili mahali pamoja, ya kupaka mbao na ya kumpamba mtu kwa maneno, na zote mbili hukaa juu ya kitu bila kukibadilisha.

MSUSI: Sasa hapo wanisema mimi. Mteja aja, nywele zimeungua kwa rangi na pasi. Napaka seramu, zang'aa, ajipiga picha kumi, atoka amepona. Wiki mbili hazijafika, arudi na vipande mkononi. "Silikoni imenikata nywele." Silikoni haikumkata. Ilimfichia.

MFAMASIA: Na kuficha huko si kubaya kila mara. Unywele wa kipilipili una kona nyingi. Mafuta ya ngozi ya kichwa hayasafiri hadi nchani, yanakwama kona ya kwanza. Magamba yake yananyanyuka kila unapopinda. Ukichana kavu, magamba yanakwaruzana, unakatika. Ukipaka kitu kinachoteleza, chanuo linapita. Tena kuna aina moja, amodimethikoni, ina chaji ya umeme inayoivuta kwenye sehemu zilizoharibika, kwa hiyo inashika palipo na jeraha kuliko palipo pazima.

MSUSI: Lakini yarundika, Daktari, usinikatae. Mwanamke kasuka rasta, akaa nazo wiki sita haoshi, kila asubuhi apulizia king'arisha. Nikizifumua hapo chini pana utando kama nta. Maji yakimwagwa yakimbia.

MFAMASIA: Sikatai. Silikoni nzito bila kuosha inajijenga. Shampuu ya kawaida inaitoa.

MSUSI: Na shampuu ya kawaida ati nayo ni haramu. "Sina salfeti, sina silikoni."

Fungu hili la "haramu mbili" lina historia, na si la pwani yetu. Lorraine Massey, msusi Mwingereza mwenye saluni New York, alichapisha *Curly Girl* mwaka 2001. Mafundisho yake yalikuwa na mantiki ndani yake: ukiacha shampuu kali zenye salfeti kwa sababu zinakausha nywele za mawimbi, basi acha na silikoni zisizotoka bila shampuu kali. Vitu viwili vinavyotegemeana. Ushauri ule ukasafiri, na njiani ukapoteza nusu yake. Leo mtu anaosha kwa sabuni kali kila wiki na bado anaogopa silikoni, kama mtu anayeng'ang'ania kuvua viatu mlangoni mwa nyumba isiyo na zulia. Tena kitabu kile kiliwalenga watu wa mawimbi. Sisi wa kipilipili tuliingizwa kwa kudandia.

MTU WA KAGO: Mimi siingii kwenye kemia, jamani. Nazungumzia mzigo. Chupa iliyoandikwa "haina silikoni" ikifika Kariakoo haikai. Wenye maduka wananipigia, "Kijana, ile ya bila silikoni ipo?" Ndani kuna nini, hakuna anayeuliza.

MFAMASIA: Na ndani kuna nini?

MTU WA KAGO: Mimi najua uzito wake tu, Daktari.

BI MKUBWA: Watie mafuta ya nazi, basi. Sisi tulipakwa nazi na singo na liwa, nani alikwenda hospitali?

MFAMASIA: Nazi ina shahidi wake. Mwaka 2003 watafiti wawili wa India, Rele na Mohile, walilinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na yale ya madini. Nazi peke yake ilipunguza protini inayopotea nywele zikioshwa, kwa sababu chembe zake ni ndogo na nyoofu, zinaingia ndani ya unywele. Silikoni inakaa nje, haiingii.

BI MKUBWA: Umeona!

MFAMASIA: Nimeona, mama. Nimeona pia kwamba watafiti wale walikuwa waajiriwa wa Marico, na Marico ndio wauzaji wa mafuta ya nazi ya Parachute.

MSUSI: Basi kila mtu ana duka lake.

MFAMASIA: Utafiti haubatiliki kwa hilo. Ila ukisoma, usome na jina la mwenye duka.

Bi Mkubwa hakupenda. Alijinyoosha, akajimiminia chai, na kwa dakika kama tano mazungumzo yakaenda kwenye maji ya Dubai, ambayo kila mgeni huyalaumu kwa nywele zake. Ni maji ya bahari yaliyotolewa chumvi, na mwezi wa Julai tangi likiwa juu ya paa, bomba la baridi hutoa maji ya moto.

Nilimrudisha Bi Mkubwa kwa papa wake, maana nilikuwa na kitu mfukoni. Mwanzoni mwa karne iliyopita mkemia Mjapani, Mitsumaru Tsujimoto, aliyachambua mafuta ya maini ya papa akakuta ndani yake kitu alichokiita skwalini, kwa jina la Kilatini la papa. Ukikitia haidrojeni kinakuwa skwaleni, mafuta mepesi yasiyochacha, na viwanda vya vipodozi vikayapenda. Papa waliuawa kwa ajili ya krimu za uso hadi watetezi wa bahari walipopiga kelele. Mwaka 2008 Unilever na L'Oréal wakatangaza kuachana na skwaleni ya papa. Siku hizi hutolewa kwenye zeituni na miwa. Na wenye viwanda wanaotaka kuandika "haina silikoni" kwenye chupa, skwaleni ni miongoni mwa vitu wanavyokimbilia.

BI MKUBWA: Yaani sifa?

MIMI: Jamaa yake wa karibu, bila harufu.

BI MKUBWA: *(kwa furaha isiyofichika)* Wanatoka kwenye mchanga wanarudi kwenye sifa. Baba angefunga kanda ya mbavu kwa kicheko.

MFAMASIA: Mimi linaloniudhi ni jingine. Mtu ananijia na chupa ya losheni, ananionyesha dimethikoni kwa kidole, "Hii ni sumu?" Na kwenye mkoba wake kuna kopo la mkorogo lisilo na lebo. Mkataba wa Minamata ulitaka vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu moja katika milioni vikome ifikapo 2020. Haviishi. Zebaki inakwenda kwenye figo. Dimethikoni inakwenda kwenye taulo.

MSUSI: Na dawa ya nywele?

MFAMASIA: Dawa ya nywele ndiyo usiseme. Oktoba 2022 watafiti wa taasisi ya afya ya taifa ya Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanawake 33,497 kwa karibu miaka kumi na moja. Waliotumia vya kunyoosha nywele zaidi ya mara nne kwa mwaka, makadirio ya kupata saratani ya mji wa mimba hadi umri wa miaka 70 yalikuwa asilimia 4.05. Wasiotumia, 1.64. Ule ni uhusiano, haujathibitisha kwamba dawa ndiyo iliyoleta. Lakini namba ile ingekuwa ya silikoni, video zingelia kwa miaka kumi.

MSUSI: Hapa kwetu siku hizi dawa imepungua, waitaka keratini. Nayo ile ukipitisha pasi macho yachoma, mteja afunikwa taulo, mimi nashikilia pumzi.

MFAMASIA: Hiyo ni fomaldehaidi, gesi ya fomalini, inayotoka kwa moto. Shirika la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka kwenye kundi la kwanza mwaka 2004, kundi la vinavyosababisha saratani kwa binadamu bila shaka.

MTU WA KAGO: Sasa Daktari, kama silikoni haina neno, mbona Ulaya wanaifunga? Kuna mteja wangu ana maduka mawili, ameniambia Ulaya wamepiga marufuku.

Swali hili lilikuwa zuri kuliko yote ya usiku ule na lilitoka kwa mtu aliyesema haingii kwenye kemia. Jibu la Mfamasia nalifupisha. Ulaya haijaifunga silikoni yote. Imefunga zile duara nyepesi. Tangu tarehe 31 Januari 2020 kipodozi cha kuosha na kusuuza hakiruhusiwi kuwa na D4 wala D5 kufikia asilimia 0.1. Mwaka 2024 wakapitisha kanuni nyingine inayoongeza D6 na kugusa vipodozi vinavyobaki mwilini, yaani seramu, losheni, viondoa harufu, ambavyo vimepewa hadi Juni 2027. D4 inashukiwa kudhuru uzazi na imeshaondolewa kabisa kwenye vipodozi vyao. D5 kosa lake ni jingine: haiozi kwa urahisi ikishaingia kwenye tope la mito na bahari, na hujilimbikiza ndani ya samaki. Canada walibishana juu yake kabla yao, na jopo lao la mwaka 2011 likasema D5 si hatari kwa mazingira yao. Kitu kilekile, hukumu mbili. Dimethikoni ile ndefu haimo kwenye marufuku hiyo, ila kama mabaki ya D4 na D5 ndani yake yamezidi kiwango.

MTU WA KAGO: Basi Juni 2027 chupa zisizouzika Ulaya zitakwenda wapi?

Hakuna aliyejibu. Aliyeuliza ndiye mwenye kontena.

MFAMASIA: Hapa Dubai kipodozi husajiliwa Manispaa, kwenye mfumo wao wa Montaji, kabla ya kupanda rafuni. Nyumbani Tanzania, tangu 2019, vipodozi viko kwa Shirika la Viwango, TBS. Sheria zipo.

MTU WA KAGO: Sheria zipo, na begi la nguo lipo.

Kuna jambo nilitaka kuliweka katikati ya mjadala huu kwa sababu ya mahali penyewe. Kabla Al Qusais haijajulikana kwa flati za bei nafuu na vituo vya metro, wengi waliijua kwa jaa. Jaa la taka la Al Qusais lilipokea uchafu wa mji huu kwa miongo, na mwanzoni mwa miaka ya 2010 Manispaa ya Dubai ikaanza kuvuna gesi yake, methani inayofuka maganda na makombo yanapooza, kwa ajili ya umeme. Mafundi wa injini za gesi ya jaa, popote walipo duniani, wana adui mmoja wasiyempenda: siloksani, jamii ya kina D5. Chupa za seramu, krimu na viondoa harufu hutupwa na mabaki yake, duara zile nyepesi hupanda pamoja na gesi, na zikifika ndani ya injini zinaungua. Silikoni ikiungua haiwi moshi. Inakuwa silika, vumbi jeupe gumu linaloganda kwenye vali na pistoni na kuzila polepole kama msasa. Inarudi kuwa mchanga. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilicheka peke yangu, kisha nikafikiria yale maji tunayosuuzia vichwa, ambayo Dubai huyasafisha Al Aweer na Jebel Ali na kumwagilia bustani za barabarani.

BI MKUBWA: Kwa hiyo haina neno kichwani, ina neno baharini.

MFAMASIA: Hivyo hasa, mama.

Ungeweza kuwa mwisho mzuri. Bi Mkubwa aliusema kwa sauti ya kufunga kikao, na Mtu wa Kago alikuwa ameshainuka kutafuta viatu. Mimi mwenyewe nilikuja na hukumu hiyohiyo daftarini. Lakini Msusi alikuwa amekichukua kichupa, amefungua kifuniko, akanusa.

MSUSI: Daktari, umesema hizi duara zapaa.

MFAMASIA: Zinapaa. D5 huachwa juu ya ngozi na baada ya muda haipo. Ndiyo kazi yake: inabeba ile nzito, inaitandaza sawasawa, halafu inaondoka.

MSUSI: Yaondoka yaenda wapi?

MFAMASIA: Hewani.

MSUSI: Hewani wapi?

Mfamasia alinyamaza kidogo, kisha akasema anachokijua. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walitumia nyumba ya majaribio wakawaweka watu wakatengeneza nywele zao kama kawaida, kwa krimu na seramu zao wenyewe, pasi na roli za moto, na vipimo vikiwa vinavuta hewa ya chumba. D5 ilijaa hewani, na joto la pasi likaizidisha. Si ajabu: kimiminika hiki huchemka kwenye nyuzi joto 210 hivi, na pasi ya nywele hufika huko na kupita. Watafiti walishauri jambo la kawaida kabisa, feni ya kutoa hewa iwashwe. Kamati ya wanasayansi ya Ulaya nayo, ilipoipitia D5, haikuwa na shida na losheni. Iliyoitilia shaka ni mikebe ya kupulizia, kwa sababu ya kinachovutwa pumzi.

MSUSI: Hao walijitengeneza nywele zao wenyewe. Mara moja kwa siku.

MFAMASIA: Ndiyo.

MSUSI: Mimi kesho nina vichwa tisa.

Nimeurudia ubishi huu mara nyingi tangu usiku ule na kila mara nakwama hapo. Tulizungumza saa mbili juu ya kichwa cha mteja, tukazungumza juu ya samaki, tukafika hata kwenye pistoni za jaa. Video zinazolia ni za mteja. Lebo za "haina silikoni" zinamsemesha mteja. Hata kanuni za Ulaya, kwa wema wake wote, zimeandikwa kwa ajili ya mto na kwa ajili ya mnunuzi, na mwanamke anayesimama saa kumi na mbili juu ya mvuke wa pasi hayumo kwenye sentensi hata moja ya mjadala. Fomalini anaivuta yeye. D5 anaivuta yeye. Mteja hukaa saa moja na nusu, hulipa, hutoka.

Sisemi kwamba D5 imethibitika kumdhuru msusi. Pumzi hizo za vichwa tisa kwa siku, kwa miaka minane, si kitu kilichopimwa katika nyumba ile ya Purdue. Nasema tulikuwa tunabishana juu ya mwili usio wake.

MFAMASIA: Dada, kiyoyozi cha saluni kinaingiza hewa ya nje, au kinazungusha ileile?

MSUSI: Chazungusha ileile. Ukiingiza ya nje mwezi wa Agosti, umeme wote wa mwezi waisha kwa wiki.

BI MKUBWA: Feni ya kutolea moshi?

MSUSI: Iko chooni.

BI MKUBWA: Mwanangu, na dirisha je? Hamna hata dirisha?

MSUSI: Lipo, Bi Mkubwa, kubwa kuliko hili. Lakini ni saluni ya wanawake, wanaume wa barabarani wasione ndani. Limebandikwa stika nzima, juu mpaka chini. Picha ya mwanamke mwenye nywele zang'aa.